Moshi wa Nyumba Nne

Mimi si mtu wa kulilia vijiji. Nilikulia katika kijiji kilichopimwa kwa kamba na maofisa. Serikali ilipoamua watu waishi pamoja, wazazi wangu walipakizwa kwenye lori na kuku wao, vyungu vyao na mlango wa nyumba waliyoiacha, wakateremshwa penye vigingi vilivyoandikwa namba. Baba aliusimika ule mlango kwenye nyumba mpya. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kijiji ni kitu kinachoweza kuanzishwa kwa amri. Kwamba kinaweza kufungwa kwa sahihi moja, na kwamba atakayeshika karatasi nitakuwa mimi, hilo nilikuja kulijifunza uzeeni.

Siku hizi nimestaafu. Naishi Fisksätra, ghorofa ya nne, na treni ya Saltsjöbanan ikipita chini yetu vikombe vinagongana kabatini. Miaka ishirini na mitatu nimeendesha basi katika jiji hili la Stockholm, na mgongo wangu unalijua kila tuta. Kabla ya hapo nilisomea udongo huko Urusi, enzi zile nchi ikiitwa kwa jina refu. Nilipelekwa nikachukue elimu ya kilimo nirudi nayo nyumbani. Elimu niliipata, na mke pia nikampata. Kurudi ndiko kulikonishinda.

Mke wangu alinipeleka kwao mara ya kwanza wakati wa kuvuna viazi. Mama yake alikuwa mjane, mkamuaji katika zizi la ushirika, mwenye mikono iliyopasuka kwa maji baridi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, maana sikudhani kama kuna mtu mweusi aliyewahi kuikanyaga barabara ile. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akauliza swali moja tu.

"Huko kwenu mnalima?"

"Tunalima, Mama."

"Basi shika koleo."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mahari yangu. Jioni nilikuwa na malengelenge viganja vyote viwili, naye alinipa maziwa ya moto na kunipandisha nilale juu ya jiko. Majiko ya kule ni ya matofali, makubwa kama kitanda, na wazee hulala juu yake majira ya baridi. Niliona haya kulala mahali pa mzee, lakini nililala.

Kijiji chenyewe kilikuwa na njia moja, nyumba za magogo huku na huku, msitu nyuma na bwawa la matope mbele. Mama mkwe alinisimulia habari zake kidogo kidogo, miaka mingi, kwa kawaida akimenya kitu. Alisema kwamba vita viliwachukua wanaume wote kwa siku mbili, baba yake na wajomba zake wakatoka kwa geti moja, na farasi nao wakachukuliwa, kwa hiyo wanawake walijifunga kamba wakavuta plau wenyewe. Baada ya hapo palikuwa na ng'ombe, palikuwa na kitani, palikuwa na shule na ukumbi wa kuchezea dansi. Halafu wataalamu wa mbali wakaamua kwamba vijiji vidogo havina mbele. Shule ikafungwa, zahanati ikafuata, watu wakaambiwa wahamie penye maghorofa. Kwetu walituhamishia kijijini, kwao wakawahamisha kutoka kijijini, na naamini fomu zilifanana.

Wale waliokaidi walibaki. Kisha ile nchi yenye jina refu ikavunjika, ushirika ukafa, zizi likang'olewa mabati, na vijana wakaondoka mmoja mmoja, mke wangu akiwa mmoja wao. Duka lilifungwa. Mkate ukawa unaletwa na gari Jumanne na Ijumaa. Sisi tulikwenda kila tulipopata likizo, na kila tulipopanda kile kilima cha mwisho mke wangu alihesabu mabomba ya moshi kwa sauti. Safari ya kwanza tulihesabu kumi na tisa. Baadaye alianza kuhesabu kimya kimya, na mimi nikawa simwulizi.

Sasa kuna jambo moja ambalo asiyeishi kule hawezi kulibuni. Majira ya baridi theluji hufika kifuani, na barabara ile ya kilomita saba ilifunguliwa na gari la kusukuma theluji kutoka wilayani. Wakubwa wa wilaya hawakutaka kupoteza mafuta kwa ajili ya magofu. Dereva aliagizwa asimame pale kwenye kona, atazame ni nyumba ngapi zinatoa moshi, na zikiwa chini ya nne ageuze arudi. Walipobaki vikongwe watatu, walikaa kikao. Kila asubuhi kila mmoja aliwasha jiko lake, kisha mmoja kwa zamu akaenda kuwasha jiko la jirani aliyekufa. Nyumba nne, mioshi minne, barabara ikafunguliwa. Wawili kati yao walipofariki, mama mkwe alibaki na majiko manne peke yake.

Alikuwa na miaka themanini na moja. Kila alfajiri alichota makaa ya jikoni kwake kwenye ndoo ya bati, akatoka kwenye baridi ya kukata pua, akazunguka nyumba moja baada ya nyingine akiwawashia moto marehemu. Hakutuambia. Kwenye simu alisema anaendelea vizuri, mkate unafika. Tulikuja kujua Februari moja alipoteleza na ndoo yake mlangoni kwa jirani, nyonga ikavunjika. Aliokolewa na yule wa gari la mkate.

Mke wangu hakupata ruhusa kazini, na mimi nilikuwa na likizo ya kulimbikiza. Nikaenda mimi. Nilimkuta hospitali ya wilaya, mdogo kuliko nilivyomwacha, na hata salamu hakunipa.

"Majiko," alisema. "Usipowasha, hawatapita. Wasipopita, mimi nitarudije nyumbani?"

Nikawasha. Siku kumi na moja nimeamka gizani, mtu wa miaka hamsini na nane mwenye mgongo wa basi, nikatembea na ndoo ya makaa kati ya nyumba za watu nisioweza kuwaamkia. Katika nyumba ya pili kalenda ilikuwa bado imetundikwa, imesimama kwenye mwezi wa mazishi. Katika ya tatu vikombe vilikuwa vimepangwa mezani kama wageni wako njiani. Nilipiga magoti mbele ya kila jiko, nikapuliza, nikakohoa, nikatukana kwa Kiswahili kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia. Ukweli ni kwamba nilichoka. Sijawahi kuchoka vile hata zamu za sikukuu, na uchovu ule haukuwa wa mwili tu. Nilimwonea hasira kikongwe aliyevunjika nyonga. Hilo nalisema kwa aibu.

Siku ya kumi na moja dereva wa theluji alishuka, akapiga hodi, akaomba chai. Mtu mnene, mpole, masharubu yamegandiana. Alizungusha kikombe chake muda mrefu.

"Wewe ndiye unawasha siku hizi?"

Nilijifanya sielewi.

"Usijali," alisema. "Miaka mitatu tunajua. Moshi unatoka kwenye bomba, lakini getini hakuna nyayo ila za viatu vya bibi. Nyayo za mtu mmoja, nyumba nne. Mimi si kipofu."

"Sasa kwa nini unakuja?"

"Anaamka saa kumi na moja kwa ajili yangu," alisema. "Nitageuzaje gari nimwache mtu kama huyo?" Akamaliza chai, akasukuma theluji yake hadi kisimani, akaondoka.

Mama mkwe alipona, akawa anatembea na fimbo. Kufika vuli tulikuwa tumeshakubaliana na mke wangu aje Stockholm apitishe baridi kwetu. Nilikwenda tena Oktoba, safari hii na mke wangu, na nilimwambia mama kwa mdomo wangu, yeye akiwa anafunga vitunguu mafungu: "Ni baridi hii tu, Mama. Mwezi wa tano nakurudisha, tupande viazi." Mke wangu aliamini, kwa sababu ndivyo tulivyopatana.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimpeleka mama wilayani kwa gari la kukodi kufuatilia makaratasi. Mke wangu alibaki kufungasha. Mama alikaa kwenye benchi la ukumbini, mimi nikaingia. Karani alikuwa mama mtu mzima, amechoka kama mimi. Alifungua daftari la wakazi akanionyesha ukurasa. Lilikuwa limebaki jina moja.

"Si lazima alifute sasa," aliniambia. "Anaweza kwenda kama mgeni, jina likabaki. Likifutwa, kijiji hakina mtu. Waya wa umeme utateremshwa kabla ya kiangazi na barabara hatutaigusa tena. Unaelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Nilielewa kwamba jina likibaki, mwezi wa tano atarudi, na Februari nyingine nitakuwa nimepiga magoti kwenye yale majiko, na nyingine, na nyingine, mpaka mmoja wetu afe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichukua fomu, nikatoka nayo ukumbini, nikamwonyesha mama kwa kidole pa kutia sahihi.

"Ni ya nini?" aliuliza.

"Ya safari, Mama."

Aliitazama kwa muda. Kisha akaandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la ukoo, polepole, kwa mwandiko wa shule iliyofungwa. Alinirudishia kalamu, akaomba tupite dukani anunue sabuni.

Kesho yake gari lilikuja asubuhi. Mke wangu alikuwa nje akibishana na dereva juu ya mizigo. Mama akaniambia nimletee ndoo ya maji. Nilidhani anataka kunawa. Alivua koti, akakunja mikono, akashika tambara na ile sabuni mpya, akaanza kupiga deki. Mwenye nyonga ya chuma! Nilimsihi aniachie, akakataa. Aliruhusu tu nimsogezee ndoo. Alianzia kwenye jiko, akarudi kinyumenyume, ubao kwa ubao, mpaka kizingitini, na mimi nikirudi nyuma yake. Tulipofika nje aliniambia nimwage maji barabarani, si bustanini. Nikamwaga. Nikafikiri moyoni: mwanamke msafi huyu, anataka arudi akute nyumba safi. Hapo ndipo moyo uliponiuma kwa mara ya kwanza.

Kwetu Fisksätra alipewa chumba kinachotazama maghorofa ya ng'ambo. Saa tisa mchana, Desemba, giza likishaingia, alikaa dirishani akihesabu madirisha yenye taa. "Watu wengi," alisema kwa kuridhika, na siku taa zikipungua alitaka kujua wamekwenda wapi. Jirani yetu wa chini, mama kutoka Burundi, alimpenda sana. Hawakuwa na lugha hata moja ya kusikilizana, lakini walikaa pamoja wakichambua maharage, kila mmoja akisema ya kwake.

Mwezi wa tano ulipofika aliniuliza, akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama mtu wa shambani: "Mwanangu, viazi tunapanda lini?"

Mwaka ule nilisema daktari hajaruhusu nyonga. Uliofuata ulikuja ule ugonjwa uliofunga dunia, ndege zikalala chini. Baadaye vikaja vita, na njia yetu ikafungwa kabisa. Sababu zilijitokeza zenyewe, dunia nzima ikinisaidia kudanganya. Kila mwaka aliuliza mara moja tu, nami kila mwaka nilimweleza habari za ndege na mipaka kwa urefu usiohitajika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitazama uso wangu. "Basi, mwakani," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Sikuwahi kumwambia mke wangu kuhusu lile daftari. Alipopata habari kutoka kwa mtu wa wilayani kwamba nguzo za umeme zimeng'olewa, alilia jikoni, akalaani serikali, nami nilimshika bega. Mtu anaweza kuzoea kukaa kimya kama anavyozoea goti bovu.

Mama alifariki Machi, usingizini, miezi miwili kabla ya kuuliza tena. Jirani wa chini alipanda na sufuria ya uji, akakaa na sisi.

"Pole, baba. Pole, mama. Sasa mama yenu tutamuzika wapi? Kule kwao njia hakuna?"

"Njia hakuna," nilijibu. "Tutamzika hapahapa."

Tulimzika kwenye makaburi ya msituni, Nacka, chini ya misonobari, na mke wangu alisema kwamba angalau miti ni ileile. Niliona ni heri kubwa kwamba amekufa bila kujua. Hiyo ndiyo faraja niliyotembea nayo mwaka mzima: nilimdanganya, ndiyo, lakini alikufa akiwa na kijiji kichwani mwake, na mioshi yake minne.

Mpaka juzi.

Binti yetu amepata kazi Umeå, huko kaskazini. Asubuhi alibeba masanduku yake, mimi nikamwuliza kama ana soksi za kutosha, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake, "Det går bra, pappa," yaani nisihangaike, akatukumbatia, akashuka kukimbilia treni. Viatu vyake vilikuwa vimeacha matope ukumbini. Mimi nyumba ikiwa tupu hushika kazi ya mikono, nisije nikafikiri. Nikajaza ndoo, nikachovya tambara.

Mke wangu alitoka chumbani mbio, akaninyang'anya.

"Una wazimu? Mtoto hajafika hata stesheni!"

Nilicheka. Nikamwambia kwetu hatufagii usiku, eti unafukuza riziki, kumbe na nyinyi mna yenu. Miaka yote ile sikuwa nimelijua hilo, kwa kuwa deki ya nyumbani ilikuwa ya kwake, na mimi nilikuwa barabarani na basi langu.

"Si mchezo," alisema. "Mtu akiondoka huoshi sakafu mpaka afike salama. Ukiosha unafuta nyayo zake, hawezi kurudi. Sakafu inaoshwa hapohapo kwa mmoja tu, aliyebebwa kwenda kuzikwa."

Nilikaa kwenye kiti cha kuvalia viatu. Aliniona uso, akauliza kama ni moyo, niitiwe daktari? Nikamwambia hapana. Nikamwambia: mama yako alipiga deki siku ile.

"Siku ipi?"

"Tulipomchukua. Wewe ulikuwa na dereva."

Alisimama na lile tambara likimdondokea miguuni. "Alianzia wapi?"

"Kwenye jiko. Akarudi nyuma mpaka mlangoni."

"Na maji?"

"Niliyamwaga mimi. Barabarani. Aliniambia."

Alikaa sakafuni palepale, penye matope ya mtoto. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamweleza yote: daftari, jina moja, karani aliyesema si lazima, fomu ya safari, kalamu. Alinisikiliza bila kunitazama. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

"Mama hakutia sahihi kitu bila kusoma maisha yake yote," alisema mwishowe. "Hata risiti ya mkate alikuwa anaisoma."

Kwa hiyo alijua. Alijua pale kwenye benchi, alijua alipoomba sabuni. Alijizika mwenyewe kwa mikono yake, mimi nikimsogezea ndoo. Na lile swali la kila mwezi wa tano, nililodhani ni la kikongwe anayesubiri, halikuwa la viazi. Mara moja kila mwaka alinifungulia mlango niseme kweli, na mimi nilisimama mlangoni nikamweleza habari za ndege.

Tulikaa pale hadi mchana, yeye sakafuni, mimi kitini, maji yakipoa kwenye ndoo. Jioni simu ikalia. Binti ameandika neno moja, "Framme." Nimefika. Mke wangu alilisoma mara mbili, akainuka kwa kushika ukuta, akaninyooshea tambara.

"Sasa unaweza kuosha," alisema.

Nilizitazama zile nyayo za matope, kutoka chumbani kwake hadi mlangoni. Nikamwomba tuziache mpaka kesho.